Mjomba Alipotanguliza Nyota

Wateja wangu hawakumbuki majina ya mafaili yao, na mimi nimeshachoka kushangaa. Mtu anatoka kuchimba duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, matope mpaka magotini, anaegemea kaunta ya kiduka changu cha kuchapa hapa Runzewe na kuniambia, "Dada, ile barua yangu ya mwaka jana, nitolee nyingine." Barua gani? "Ile uliyoniandikia." Tuliiita jina gani? "Si wewe ndiye uliyeiita?" Haya, ndani yake kulikuwa na maneno gani? Anakuna kidevu, anaangalia dari, halafu anajibu kwa furaha kabisa, kama mtu aliyenipunguzia kazi: "Kulikuwa na neno mgodi."

Neno mgodi! Katika mji huu hata barua ya posa ina neno mgodi.

Ndivyo ilivyokuwa wiki hii, mvua ya kwanza ikigonga bati. Nikawasha mashine, na kwa sababu vumbi la kiangazi kizima lilikuwa limelala ndani yake, likaanza kupata moto na kutoa harufu. Ni harufu kama ya pasi ya mkaa iliyosahauliwa juu ya kitambaa cha nailoni, ikichanganyika na udongo uliolowa nje ya mlango. Nikasimama pale na kidole hewani. Mteja ananiangalia, mimi nimeondoka. Nimekwenda Kambarage, mjini Shinyanga, katika ofisi ya mradi wa maji, niko na sare ya shule isiyo na kifungo cha juu, nimesimama nyuma ya Mjomba Shija.

Mjomba tumemzika juzijuzi tu. Namlilia, lakini nikisikia harufu ile huwa nakasirika naye upya.

Nilikuwa naishi kwake ili nisome. Kwetu ni kijijini, upande wa kwenda Bugarama, na kiangazi kikikaza mto wetu unabaki mchanga mtupu. Wanawake walikuwa wanafukua shimo mchangani, mtu anaingiza mkono na kata mpaka bega, anachota kidogo, anakaa kungoja maji yajikusanye tena. Mama yangu alikuwa na mimba ya mdogo wangu na bado alikuwa anafanya hivyo kila siku. Mjomba alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Mama ni Doto, pacha aliyebaki. Kulwa wake, aliyemtangulia kuzaliwa, hakukaa duniani. Aliyewafuata mapacha akawa Shija, kama ilivyo desturi yetu Wasukuma. Mtoto kwetu huja na jina lake mkononi. Akizaliwa mvua inanyesha ni Mabula, au Kabula akiwa wa kike kama mimi. Akizaliwa njiani, Njile. Akizaliwa watu wamekusanyika, Masanja. Ukimjua jina umeshajua nusu ya habari ya siku ile.

Nyumba ya mjomba ilikuwa inafungwa mchana, kwa hiyo nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja ofisini kwao kumsubiri. Palikuwa na mashine moja tu, kubwa, yenye kioo cheusi na herufi za kijani, nayo ilikuwa imepewa chumba chake na pazia kana kwamba ni bibi harusi. Mjomba alikuwa anakwenda vijijini na gari la mradi kupima visima na mashimo ya mchangani: kina cha maji, ladha yake, na maji yanachukua muda gani kurudi baada ya kuchotwa. Akirudi, anaingiza yote kwenye mashine, kila mahali faili lake. Chumba cha pili alikaa Mama Salma, mpiga taipu, mwanamke wa Ujiji mwenye kanga safi na ulimi usiolala, ambaye kwa maoni yake mashine ile ilikuwa televisheni iliyokosa picha.

Sasa sikieni tabu yenyewe. Saa ya ndani ya mashine ilikuwa imekufa. Kila ikiwashwa asubuhi iliamini kwamba leo ni siku ileile moja, miaka mingi nyuma, siku ambayo hata mradi haujaanza. Kwa hiyo faili lolote ulilohifadhi lilipata tarehe ya uongo. Mtu mwingine angeomba saa irekebishwe. Mjomba wangu akapata wazo, na mawazo ya mjomba ndiyo yaliyokuwa yakituponza. Akasema: mafaili tutayapa majina kama watoto. Siku gari lilipoharibika njiani, faili likawa NJILE. Siku alipopima bila kula tangu asubuhi, NZALA, yaani njaa. Visima viwili vya kijiji kimoja vilivyopimwa siku moja vikawa KULWA na DOTO, na kilichowafuata SHIJA, akacheka peke yake mpaka akakohoa. "Jina ndilo tarehe," alimwambia Mhandisi, mkuu wake. "Ukiona mvua kwenye jina, ujue nilipima kwenye mvua."

Mhandisi hakuwa mtu wa kwetu. Alilitazama lile jedwali la majina kwenye kioo na kusema, "Shija, hii ni ofisi au kliniki ya wazazi?" Lakini akakubali, maana saa haikuwa inatengenezeka na kazi ilikuwa inatembea.

Faili la kijijini kwetu mjomba alilipima wakati wa kiangazi, jua linachoma mpaka mbwa wanatafuta kivuli cha ng'ombe. Kwa utaratibu wake mwenyewe lilistahili kuitwa LIMI, jua. Aliliitaje? Aliliita KABULA. Kwa ajili yangu. Nilikuwa nimesimama pale, akageuka, akaniita mama kwa Kisukuma: "Hili ni lenu, mayu. Nimekuweka wewe mwenyewe ulinde maji ya mama yako." Nilivimba kwa fahari siku nzima. Hata leo nikikumbuka mapenzi yale nataka kumkumbatia, halafu nakumbuka kilichofuata nataka kumpiga kwa kandambili. Mtu unaweka sheria, mwenyewe ndiye wa kwanza kuivunja, tena kwa sababu ya upendo!

Kwa hiyo mimi niliamini nimo ndani. Si jina langu tu; mimi. Niliamini kwamba nyuma ya kioo kile kuna kijiji kidogo cha kijani na kila aliyetajwa ameketi humo, na mjomba akibonyeza vitufe anawaita watoke. Na kweli aliwaita! Alinifundisha mwenyewe. Ukiandika DIR, mashine inakuonyesha waliomo. Lakini wakiwa wengi kioo kinakimbia hujamsoma hata mmoja, kwa hiyo unaita kwa mfano wa jina. Alama ya kuuliza, akaniambia, ni kiti: anakaa mmoja tu. Ukiandika ?OTO, kiti kimoja kisha oto, atakuja DOTO. Nyota ni mkeka: wanakaa hata wengi, au asikae mtu kabisa. Ukiandika M na nyota, wanakuja wote wanaoanzia na M, MASANJA, MILEMBE, MABULA, warefu kwa wafupi. Nilikuwa naandika K na nyota kwa siri yangu ili nijione natokea. Nilikuwa najisikia nimeitwa.

Pia kulikuwa na FIND, ya kutafuta neno ndani ya faili. Unaandika neno "chumvi", unataja faili, mashine inakuletea kila mstari wenye chumvi na kuacha mingine. Nzuri, ila FIND ile haikukubali mkeka wala kiti. Faili moja, halafu uandike tena upya faili jingine, halafu tena. Mjomba alikuwa anaguna kama mtu anayepalilia shamba la jirani.

Mvua zikaja, naye akaendelea kupima kwenye mvua. KABULA lilikuwa limeshachukuliwa, na mashine haikukubali wawili wenye jina moja. Akatumia MABULA. Akatumia MBULA, ambalo ndilo neno la mvua yenyewe. Alipoishiwa akaanza kubuni: SABULA, TABULA. Nilimwambia, "Mjomba, hakuna mtu anayeitwa Tabula." Akasema, "Atakuwepo."

Halafu siku moja Mhandisi akaingia na habari. Mtambo wa kuchimba visima virefu umepatikana, unakuja mkoani, ukimaliza unakwenda mkoa mwingine na haijulikani utarudi lini. Vijiji vitachaguliwa kwa vipimo vyetu. Lakini vipimo vya wakati wa mvua ni vya uongo: shimo lolote lina maji mvua ikinyesha. Programu ya kujumlisha inakusanya kila faili lililomo, kwa hiyo ya mvua yafutwe yote. Kijiji kisichomo katika jumla, mtambo hauendi.

Na mama yangu alikuwa anazidi kuwa mzito.

Ilikuwa mchana, Mama Salma ameleta chai na chapati, nami nimesimama kwenye nafasi yangu nyuma ya kiti. Mjomba alikuwa na hamu ya kumwonyesha. "Mama Salma, njoo uone televisheni yako inavyofanya kazi. Wewe ungefuta majina haya moja moja kwa kifutio. Mimi naandika mstari mmoja tu, mvua yote inakauka." Angeweza kuwafuta MABULA, MBULA, SABULA na TABULA kwa majina yao, mmoja mmoja. Mistari minne. Minne tu! Lakini hapana, alishasema mmoja. Akaandika DEL, yaani futa, halafu akatanguliza nyota mbele: *BULA.TXT. Yeyote yule, mradi amalizikie na bula.

Mimi nikasoma herufi zile, nikaona jina langu nalo linamalizikia hivyohivyo. Nikamvuta shati. "Mjomba, na mimi je?"

"Na wewe utapata chapati, ngoja kidogo," akasema, akabonyeza Enta.

Mashine haikusema kitu. Mjomba akafurahia ukimya huo. "Umeona?" Kisha akaandika DIR ili amwonyeshe waliobaki, na mashine ikajibu kwa Kiingereza chake kifupi kwamba hakuna faili lililoonekana. Akaandika tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua ina watu. Jibu lilelile.

Mama Salma akaweka kikombe chini. "Shija. Watu wamekwenda wapi?"

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa. Mashine zile za zamani zilikuwa na ujinga wao. Zikishaiona nyota, hazisomi tena kilichoandikwa nyuma yake mpaka zifike kwenye nukta. Mjomba siku zote alikuwa anaweka nyota mwishoni, M na nyota, K na nyota, ambako hakuna cha kusomwa baada yake, kwa hiyo hakuwahi kugundua. Siku ile alipoutandika mkeka mlangoni, ulifunika nyumba nzima. Hiyo bula yake mashine haikuiona kabisa. Ilisikia: futa wote. Na ikawa na adabu ya kutouliza hata swali.

Mimi nilichoelewa siku ile ni kitu kingine. Nilijishika mikono. Nilikwenda kwenye kioo cha dirisha nikajitazama, nikajiona hafifu, maana ndivyo kioo cha dirisha kinavyoonyesha mtu, nikapiga yowe. Mjomba ameshika kichwa huku, mimi nalia kule kwamba nimefutika, na mama amefutika, na shimo la mchangani limefutika, nataka nipandishwe lori la pamba nikaangalie kama kijiji kipo.

"Mama yako hafutiki!" mjomba akanifokea, na sauti yake ikapasuka katikati. "Ni faili, Kabula! Ni maandishi tu!"

"Sasa kama ni maandishi tu unalilia nini?" akauliza Mama Salma. Akanivuta mimi kifuani kwake, kanga yake inanuka udi na wino wa taipu, akaninyamazisha kwa chapati ambayo sikuila.

Mhandisi aliambiwa siku hiyohiyo. Sikusikia maneno, niliona tu mgongo wa mjomba kupitia mlango, jinsi ulivyokuwa unapungua. Halafu wakapiga simu Mwanza kwa fundi wa mashine hizo, na simu zenyewe za wakati ule, unapiga kelele mpaka watu wa barabarani wanakujibu. Mjomba alirudi amebeba maneno ya fundi kama mtu anayebeba yai. Mafaili hayajatoka. Mashine ikifuta, inachokula ni herufi ya kwanza ya jina tu, mwili unabaki umelala palepale. Lakini yule asiye na jina kamili hana kiti chake. Mtu akihifadhi kitu kipya chochote, kitamlalia juu, na hapo basi tena. Fundi anakuja na dawa. Mpaka afike, pasihifadhiwe hata herufi moja.

Ningependa kusema kwamba watu wazima wa ofisi ile walielewa. Hawakuelewa! Mhandisi mwenyewe, aliyetoa amri kwamba mashine isiguswe, kesho yake anaingia na karatasi mkononi: "Shija, barua moja fupi tu." Mtu wa ghala anakuja: "Niandikie jedwali la mabomba, dakika mbili." Mgeni kutoka idara nyingine anataka kuona jinsi inavyochapa. Kila mmoja alikuwa na kitu kidogo. Kila mmoja aliamini kidogo chake hakihesabiki. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni na madaftari yangu, kila mlango ukilia nainua kichwa, kwa sababu nilikuwa naona wazi kabisa mama yangu amelala chini hana kichwa cha jina, na mtu mnene na barua yake fupi anakuja kumkalia.

Aliyetuokoa ni Mama Salma, ambaye mashine ile hakuipenda hata kidogo. Alivua kanga yake ya juu, akaifunika mashine yote gubigubi, akavuta kiti chake na taipu yake mpaka mlangoni pa chumba kile, akakaa.

"Mama Salma, nipishe," anasema Mhandisi.

"Mgonjwa amelala, Mheshimiwa."

"Ni barua moja."

"Taipu hii hapa. Haijawahi kumfuta mtu. Sema, ninaandika: Kwa nani?"

Mhandisi anasimama, anapumua kwa pua, anaanza kumtajia barua. Ndivyo walivyofanya kila siku, na yeye kila siku anasahau na kila siku anakasirika upya. Fundi alikuwa anatarajiwa leo, halafu kesho, halafu barabara imekatika kwa mvua, halafu ameonekana amepanda basi, halafu basi ndilo halijulikani liko wapi. Mjomba alikonda. Nyumbani alikuwa anakata ugali halafu anaushika tu. Nilimuuliza kama mtambo utamsubiri mama. Akasema mtambo haumsubiri mtu.

Fundi alipofika, tope mpaka kwenye kola, alikuwa kijana mchangamfu wa pwani aliyebeba diski yake katikati ya maboksi mawili yaliyofungwa kamba. Na alikuwa na haraka: gari la kumrudisha lilikuwa linamngoja nje. Mama Salma akaondoa kanga kwa heshima zote. Fundi akaingiza diski, mashine ikanguruma, na pale kwenye kioo wakaanza kutokea, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja na kiti kitupu mbele ya jina: ?JILE. ?ZALA. ?ASANJA. Nikawatambua! Nikaanza kurukaruka.

"Hii inaanza na nini?" akauliza fundi. "Inataka herufi ya kwanza. Ni Kiswahili hiki?"

Basi ofisi nzima ikajaa mlangoni, dereva, mlinzi, mtu wa ghala na mabomba yake, wote wa kwetu, wanapiga kelele kama wako kwenye sherehe ya mtoto. "N! Njile huyo!" "Huyo Masanja, tia M!" "Hija? Mwe, Shija huyo, tia S, ndiye mwenye nyumba!" Kila herufi ikiingia, mtu anapona. SHIJA hakupona, fundi alijaribu, akatikisa kichwa, sehemu yake ilikuwa imeharibika. Mjomba akacheka kwa mara ya kwanza wiki zile. "Sawa. Mimi niache."

Kisha zikaja mfululizo: ?ABULA, ?ABULA, ?ABULA, ?ABULA, na ?BULA moja.

"Hizo acha," akasema Mhandisi. "Ndizo za mvua. Ndizo zilizotuletea balaa hili. Funga, kijana, gari linakungoja."

Mjomba akasema, "Kuna moja si ya mvua."

"Jina linasema mvua."

"Ni kijiji cha kwetu, Mheshimiwa. Nilipima kiangazi. Hilo jina ni la mtoto huyu."

Wote wakanigeukia. Sijawahi kutazamwa hivyo, kana kwamba mimi ndiye niliyenyesha. Mhandisi akaongea taratibu, na hilo lilikuwa baya kuliko kufoka. "Shija, tarehe ya mashine ni ya uongo. Ukaniambia jina ndilo tarehe. Nikakuamini. Leo unaniambia jina nalo ni la uongo, ila kwa kijiji cha dada yako tu. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Hata mimi mtoto niliona hana kosa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Yarudishe yote manne," mjomba akamwambia fundi. "Nipe dakika. Kama ndani hamna ushahidi, futa." Fundi akamtazama Mhandisi, Mhandisi akatazama saa, akainua mkono kama mtu anayefukuza nzi. Wakayapa herufi za haraka, AABULA, BABULA, CABULA, DABULA. La kwetu likajitokeza ni la tatu. Jina la kijiji lilikuwa juu yake. Lakini hilo halikuthibitisha majira. Faili lilikuwa refu, tarakimu juu ya tarakimu, na mjomba alikumbuka kwamba mahali fulani katikati alimwandika aliyemkuta anachota, na alivyokuwa anachota. Akaandika FIND, akaandika "Doto", akataja faili. Alikosea, akarudia.

Mashine haikuleta mstari hata mmoja.

Akajaribu mafaili mengine kuona kama FIND imeharibika. La kwanza likaleta Doto. La nne likaleta akina Doto wawili. Kila kijiji kilikuwa na Doto wake anayechota maji, isipokuwa kijiji cha Doto mwenyewe.

"Umemsahau dada yako, Shija?" mlinzi akauliza, naye hakuwa anatania.

Fundi alikuwa ameanza kukunja kamba yake. Ndipo Mama Salma akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na wanaume wote wa mradi, "Wewe ukiwa nyumbani, huyo dada yako unamwitaje?"

"Dada."

"Basi si umtafute dada!"

Akaandika. Enta. Ukaja mstari mmoja wa kijani, nami niliusoma kwa sauti kwa sababu nilikuwa najua kusoma na hakuna aliyenikataza: "Mchotaji: dada. Mjamzito. Shimo la mchangani, kina cha mkono hadi bega. Maji yanarudi polepole sana, anangoja amekaa juani."

Hakuna mtu anayefukua mchanga hadi bega wakati wa mvua. Mto unakuwa unapita. Hilo hata Mhandisi, ambaye si wa kwetu, alilijua. Alisogea karibu na kioo akausoma tena mwenyewe. "Mchotaji, dada," akasema. "Katika ripoti ya kitaalamu." Kisha akamwambia fundi, "Hilo liache. Hayo mengine futa. Na jina la mtoto liandike vizuri." Fundi akafuta yale mengine moja moja, bila nyota, akarudisha K mahali pake. Mimi nikajishika mikono, nikajikuta nimo.

Mtambo ulifika kwetu kabla mto haujakauka tena. Ulikuja na mngurumo, kijiji kizima kikakusanyika kuutazama, na uchungu ukamshika mama katikati ya mkusanyiko ule, kwa hiyo mdogo wangu ni Masanja, hakukuwa na la kujadili. Siku nilipokwenda kumwona, mjomba alinipeleka mwenyewe na gari la mradi. Mama alikuwa amekaa kwenye saruji mbichi ya kisima, mtoto mgongoni, anapampu maji kwa mkono mmoja kana kwamba amezaliwa akipampu. Nikamsimulia yote kwa pumzi moja: nyota, mkeka, kanga ya Mama Salma, na jinsi mashine ilivyomtafuta Doto ikamkosa.

Mama akaacha kupampu. "Shija. Unanikosaje? Vijiji vyote umeandika majina ya watu, kwangu hukuandika jina langu?"

"Dada, akina Doto wako kila kijiji," mjomba akasema, amekasirika kweli, maana alikuwa ameulizwa swali hilo na kila mtu. "Dada ninaye mmoja."

Mama akamsukumia ndoo kwa mguu ili aibebe.

Mvua ya Runzewe bado ilikuwa inapiga bati. Mchimbaji wangu alikuwa bado ameegemea kaunta, matope yameanza kukauka magotini, anangoja nimtafutie mgodi katika barua za migodi. Nikafuta machozi kwa kiganja, nikamwambia moshi wa mashine umeniingia.

"Kaka," nikamuuliza, "huyo uliyemwandikia barua, ukiwa nyumbani unamwitaje?"

Safari hii hakukuna kidevu wala kuangalia dari; akanitajia palepale.